Kabla Hujatia Saini: Digrii ya Biolojia na Deni Lake

(Mazungumzo na vijana wa jumuiya baada ya futari. Yameandikwa hapa kwa ombi la wahariri.)





Nimeambiwa nizungumze juu ya elimu. Mwaka jana aliyesimama hapa alieleza fadhila za elimu, akaeleza vizuri mpaka sote tukatoka na hamu ya kuifuata hata Uchina (ingawa hadithi hiyo ya Uchina wanazuoni wameitilia shaka, na maalim wangu yupo hapa, sitaki anivute sikio). Fadhila basi mmezisikia. Mimi nitazungumza juu ya bei.

Nasoma biolojia, shahada ya kwanza, mwaka wa tatu. Kwetu ni Kilungu, huku juu upande wa Nunguni. Mwenye kupajua anajua: vilima, mawe, matuta ya shamba yaliyochimbwa na mababu, mikahawa michache, maparachichi, na ukungu wa Julai unaokufanya usimwone ng'ombe wako mwenyewe. Waislamu huku ni wachache, nyumba moja hapa na nyingine kilima cha pili. Ndiyo maana kila likizo niliteremshwa kwa ami yangu Sultan Hamud kusoma madrasa, katika mji ule uliochukua jina la Sultani wa Zanzibar enzi za kujengwa reli. Madrasani nikajifunza aya ya deni katika Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inayotufundisha deni liandikwe, liwekewe muda, na wawepo mashahidi. Niliihifadhi nikiwa na miaka kumi na mbili. Kisha nikiwa na miaka kumi na tisa nikachukua deni kubwa kuliko thamani ya ng'ombe wote wa mama yangu, na nilifanya hivyo ndani ya matatu, kwa simu, kwa kubonyeza "nakubali" bila ya kusoma hata ukurasa mmoja. Shahidi wangu alikuwa kondakta.

Hebu tufanye hesabu. Toeni kalamu, na wasio na kalamu watumie simu, leo inaruhusiwa.

Mfumo wa kugharimia vyuo vikuu ulibadilika mwaka 2023. Zamani serikali ilikuwa inalipa sehemu kubwa ya karo ya kila aliyepangiwa chuo cha umma, na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, hii tunayoiita HELB, ulikuwa wa kujazia. Sasa kila familia inapimwa na kuwekwa katika daraja. Wa daraja la kwanza, walio maskini zaidi, hupewa ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo asilimia 25, na familia inalipa 5. Wa daraja la tatu ufadhili ni 50, mkopo 30, familia 20. Wa daraja la tano ufadhili ni 30, mkopo 30, na familia 40. Juu ya hayo kuna mkopo mwingine wa matumizi, yaani chakula na malazi, kuanzia 40,000 mpaka 60,000 kwa mwaka. Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huu umekiuka katiba, serikali ikakata rufaa, na mfumo ukaendelea kutumika. Mwaka 2025 kukatangazwa pia kupunguzwa kwa karo. Kwa hiyo tarakimu zangu zichukueni kama mfano, kisha mweke za chuo chenu.

Tuseme kozi yako gharama yake ni 200,000 kwa mwaka na umewekwa daraja la tatu kama mimi. Ufadhili ni 100,000, huo ni wako, haurudishwi. Mkopo wa karo ni 60,000. Mkopo wa matumizi ni 50,000. Familia inatoa 40,000. Umekopa 110,000 kwa mwaka mmoja. Kwa miaka minne ni 440,000. Na mama atakuwa ametoa 160,000 zake ambazo hakuna bodi inayoziandika mahali popote. Zimeandikwa kwenye zizi. Nilipoanza chuo zizini mlikuwa na ng'ombe watatu, leo kuna mmoja.

Mkopo wa HELB unatozwa asilimia 4 kwa mwaka. Kwa deni la 440,000 hiyo ni 17,600 katika mwaka mmoja. Ukilipa kidogo kidogo kwa miaka 10, kila mwezi utatoa kama 4,455, na mpaka umalize utakuwa umelipa karibu 535,000. Mtu wa benki ataicheka asilimia 4, atasema mkopo wa bei rahisi kama huu huupati kwingine. Kweli. Lakini sisi hatupimi kwa mizani ya benki peke yake, na hapo nitarudi.

Sasa kilichonitisha mimi si hiyo 4. Ukimaliza chuo unapewa mwaka mmoja kabla ya kuanza kudaiwa. Mwaka ukipita na hulipi, kuna faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Zidisheni mara kumi na mbili. Ni 60,000 kwa mwaka! Yaani faini ya mwaka mmoja inapita riba ya miaka mitatu. Kijana aliyekaa nyumbani miaka mitatu bila ya kazi na bila ya kusema neno, faini peke yake inafika 180,000. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba riba na faini haziwezi kuendelea kupanda mpaka zikalipita deni lenyewe. Alhamdulillah kwa ulinzi huo, lakini maana yake ni kwamba 440,000 inaweza kukua na kukaribia 880,000 ndipo isimame. Na ukitafuta kazi ya serikali utaulizwa cheti cha HELB kwamba umelipa au unaendelea kulipa. Asiye na kazi hawezi kulipa, na asiyelipa anapata taabu kuajiriwa. Mnaona lile duara?

Hapo ndipo vijana wengi wa kwetu wanapoharibikiwa, na wanaharibikiwa kwa sababu ya aibu, si ya ujeuri. Namjua kaka mmoja kutoka kilima cha pili yetu, alimaliza sayansi, akarudi nyumbani, akabadilisha laini ya simu ili asipigiwe. Alidhani akinyamaza watamsahau. Angeweza kwenda Huduma Centre, meza ya HELB ipo, akaeleza kwamba hana kazi na akaomba kupangiwa kiasi anachokiweza. Alikuja kujua mwaka wa nne, alipoitwa kwenye usaili na kuambiwa alete kile cheti. Mara kadhaa bodi imetangaza msamaha wa faini kwa wanaolipa deni kwa mpigo, lakini huo msamaha unamfaa mwenye mpigo. Yeye hakuwa nao.

Tuje kwenye upande wa pili wa mizani, kipato. Na hapa nawasemesha hasa nyinyi mliomaliza KCSE na mnapenda biolojia kama nilivyoipenda mimi. Nilidhani digrii ni digrii. Hakuna aliyenieleza kwamba kuna digrii inayokupa leseni na kuna digrii inayokupa elimu tu, na ya biolojia tupu ni hiyo ya pili.

Nilidhani nitafanya kazi maabara ya hospitali. Haiwezekani. Maabara za matibabu nchini zina bodi yake, KMLTTB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, na inasajili waliosomea sayansi ya maabara ya matibabu. Mwenzangu aliyekwenda KMTC akachukua diploma ya miaka mitatu atasajiliwa na kuvaa koti jeupe pale hospitalini, na mimi mwenye miaka minne ya chuo kikuu nitapita nikimsalimia.

Nikadhani basi nitafundisha. TSC haisajili mwalimu asiyesomea ualimu. Mwenye shahada ya biolojia lazima aongeze diploma ya ualimu ya baada ya shahada, na awe na somo la pili la kufundishia, mfano kemia. Muda zaidi, na karo zaidi. Na yule aliyechukua shahada ya ualimu wa sayansi, biolojia na kemia, anakaa miaka ile ile minne kwa mkopo wa namna ile ile, na anamaliza akiwa mwalimu. Sisemi kwamba yeye amefika peponi. Mwaka 2023 walimu wengi wa sekondari msingi waliingizwa kazini kama wanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2024 wakagoma kudai ajira ya kudumu. Kwenye 20,000 ukitoa 4,455 ya HELB, ukatoa bima ya afya, tozo ya nyumba, kodi ya chumba na nauli, unabaki na kiasi cha kumtumia mama unga. Lakini hata huyo ana kazi na ana mlango wa kusubiri ufunguliwe. Mimi mwenye biolojia tupu ninasubiri barazani.

Kazi za biolojia zipo, msije mkasema nimesema hazipo. Kuna KALRO pale Katumani, waliotupa mahindi ya Katumani ambayo nyanya zetu waliyapanda kwa sababu yanawahi kukomaa kabla mvua haijakatika. Kuna KEFRI wana kituo Kitui, watu wa miti ya nchi kavu. Kuna KEMRI. Kuna KEPHIS wanaokagua mimea. Kuna icipe Nairobi, kituo kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya, mtu wa wadudu. Hizi ni kazi za heshima. Lakini nafasi ni chache, na kazi ya utafiti wenyewe mara nyingi inataka shahada ya pili, ambayo ni karo nyingine. Ukiingia biolojia kwa kutaka utafiti, ingia ukijua kwamba safari ni ya miaka sita au saba, na deni halisubiri umalize.

Mtaniuliza, kwa nini basi hujaacha? Nitawajibu kwa nzi. Mwaka wa pili tulifundishwa nzi wa matunda, yule anayetaga mayai ndani ya embe likaoza kutoka ndani. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa ajili ya nzi huyo, mpaka 2021 ndipo njia ikafunguliwa tena. Miaka saba! Na kaunti yetu ya Makueni inaishi kwa maembe. Likizo hiyo nilitengeneza mtego kwa chupa ya plastiki nikautundika kwa jirani. Asubuhi alipoona wamejaa humo akaniita daktari. Nilikaa siku nzima kama niliyepewa zawadi. Elimu hii ina faida kwa watu wetu, nasema bila kigugumizi. Ninachosema ni kwamba jirani alinilipa kwa maembe sita, na HELB hawapokei maembe.

Sasa nirudi kwenye lile jambo zito. Nilipomweleza maalim wangu kwamba nimechukua mkopo, alinyamaza, kisha akasema: "Mwanangu, asilimia nne au arobaini, ziada juu ya deni ni riba." Sikuwa na jibu la kielimu. Nilikuwa na jibu la umaskini tu. Mimi si mufti na sitatoa fatwa hapa, muulizeni mwenye elimu kabla ya kutia saini na si baada yake kama mimi. Wapo wanaoruhusu kwa dharura na wapo wasioruhusu, na kila mmoja ana hoja. Lakini tusijidanganye kwamba suala halipo, wala tusiwahukumu waliokopa kana kwamba walikwenda kucheza kamari.

Nitawapa mfano wa jirani. Tanzania, Bodi yao ya mikopo, HESLB, iliundwa kwa sheria ya 2004. Mfanyakazi aliyekopeshwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Juu ya deni walikuwa wanaongeza asilimia 6 kila mwaka, wakiiita tozo ya kulinda thamani. Mei Mosi 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuiondoa. Ikaondoka. Anayedaiwa milioni moja anajua anadaiwa milioni moja. Haikuondolewa kwa ajili ya Waislamu, iliondolewa kwa sababu deni lilikuwa halishuki hata ukilipa. Uingereza nao walipitisha sheria mwaka 2017 ya kuruhusu mkopo usio na riba kwa wanafunzi, ila mpaka 2025 ulikuwa haujaanza kutolewa, na wapo vijana Waislamu kule waliouacha mkopo kwa muda wote huo. Jirani ameweza. Basi kuomba kwetu jambo hilo kwa wabunge wetu si kuomba mwezi ushuke chini.

Na jambo moja kwa wazee, mnisamehe. Katika mafungu manane ya zaka limo fungu la wenye madeni. Kila Ramadhan tunagawa unga na mchele na tende, na ni jambo jema, wengi hapa tumefuturu kwa hizo tende. Lakini sijawahi kusikia msikiti wa kwetu ukiuliza: nani hapa amemaliza chuo na faini inamla? Mnaikumbuka hadithi ya jeneza lililoletwa kwa Mtume (S.A.W.), akauliza kama maiti ameacha deni, akaambiwa dinari tatu na hakuacha cha kulipia, asimswalie mpaka Abu Qatada alipolibeba deni lile mwenyewe. Sisi tunaisoma kama habari ya yule maiti. Someni mara nyingine mumtazame Abu Qatada.

Kwa wenzangu mlio chuoni tayari, nina la kukiri. Muhula wa kwanza mkopo wa matumizi ulipoingia, 25,000, nilinunua simu ya 14,000. Kila mtu bwenini alikuwa na simu nzuri. Ile simu ilikufa mwaka wa pili, na deni lake lingali hai, linapumua, linakula asilimia 4. Tangu hapo mkopo ukiingia nauandika kwenye daftari, upande mmoja kilichoingia na upande wa pili kilichotoka, kama ile aya ilivyotaka tangu mwanzo. Muhula uliopita nilibakisha 3,000 nikairudisha kwenye akaunti ya mkopo. Wenzangu walicheka, wakasema hata hujadaiwa. Ndiyo, sijadaiwa.

Niwaambie kilichonileta hapa. Mdogo wangu wa kike amemaliza KCSE na amepata B. Anataka biolojia. Anaitaka kwa sababu yangu, kwa ule mtego wa nzi, alikuwa ndiye anayenishikia ngazi. Wiki iliyopita tulikaa nje ya jikoni tukageuza kalenda ya mwaka jana upande mweupe, nikampigia mistari. Upande huu biolojia tupu, upande ule ualimu wa biolojia na kemia, chini diploma ya maabara KMTC. Kila moja: miaka mingapi, mkopo kiasi gani, mama anatoa kiasi gani, ukimaliza nani anakusajili, na mwezi wa kwanza wa kudaiwa utalipa kwa pesa gani. Mama alikuwa anachambua maharagwe, hakusema kitu, ila nilimwona ameacha kuchambua tulipofika kwenye mstari wake.

Mdogo wangu akaniuliza: "Kaka, ungeyajua haya yote siku ile, ungechagua nini?"

Nilitaka kusema ualimu. Ulimi ukakataa. Nilimjibu wakati wa daku, tukiwa wawili tu. Nilimwambia ningechagua ualimu wa sayansi, kisha ule utafiti ningeutafuta mbele nikiwa na mshahara. Akasema, "Kwa hiyo unajuta." Nikamwambia najuta kutosoma ule ukurasa. Hajaamua bado. Ile kalenda ameibandika ukutani juu ya kitanda chake, na jana nimeona ameongeza safu ya nne ambayo mimi sikuiweka: kozi ya kilimo.

Nyinyi wenye fomu za kujaza, Jumamosi baada ya tarawehe nitakaa pale kwenye mikeka ya madrasa, upande wa mlango. Njooni na jina la kozi, gharama yake kwa mwaka, na daraja mlilowekwa kama mmeshaambiwa. Njooni na mzazi mmoja. Kikokotoo ninacho.